Mwoka Mikate wa Aljubarrota: tanuri, beleshi na akina Brites wawili

Utenzi mkuu wa Wareno, uliochapishwa Lisbon mwaka 1572, una kisa cha vita kinachosimuliwa kwenye maji ya Malindi. Vasco da Gama ametia nanga, Mfalme wa Malindi amekuja kumtazama mgeni chomboni, na anamwomba amweleze nchi yao ni ipi na wamepitia yapi. Gama hangoji kuombwa mara mbili. Mtunzi, Luís de Camões, anampa sehemu tatu nzima za utenzi azungumze, na katikati ya maneno hayo ndipo inapofika zamu ya Aljubarrota, vita ambavyo Wareno waliwashinda jirani zao Wakastilia mwaka 1385. Tarumbeta ya Wakastilia inalia, milima na mito inashtuka, na kina mama waliosikia mlio ule wanawabana watoto wao vifuani.

Basi. Kwa Camões, wanawake wa Aljubarrota ni hao tu: wanasikia, wanaogopa, wanakumbatia.

Sasa mwulize Mreno wa leo kuhusu mwanamke wa Aljubarrota. Hatakutajia mama aliyekumbatia mtoto. Atakutajia mwoka mikate aliyewaua Wakastilia saba kwa beleshi la tanuri, na pengine atakuonyesha kwa mikono beleshi lilivyopanda na kushuka. Jina lake ni Brites de Almeida. Mtu anaweza kuwa amesahau vita vilipiganwa mwaka gani na jemadari alikuwa nani, lakini beleshi analikumbuka.

Wengi wakisikia kisa hiki huuliza kama mwanamke huyo aliishi kweli. Ni swali halali, ila jibu lake ni fupi mno: hakuna maandishi ya zama zake yanayomtaja. Ukiishia hapo umefunga kitabu mapema. Chenye nyama ni kutazama kila kipande cha hadithi kilitoka wapi na kilibandikwa lini, kwa sababu hadithi hii haikufumwa siku moja. Imeshonwa kiraka juu ya kiraka kwa karne tatu au nne, na mshono wa kila kiraka unaonekana ukiusogelea.

Ndoa iliyozaa vita

Oktoba 1383 alifariki Mfalme Fernando wa Ureno. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti mmoja wa miaka kumi, Beatriz, na miezi michache kabla ya kifo chake alikuwa amemwoza kwa Juan wa Kwanza, mfalme wa Kastilia, ufalme mkubwa wa jirani ambao baadaye ungekuwa kiini cha Hispania. Hesabu ilikuwa rahisi kwa kila mwenye akili: malkia wa Ureno ni mtoto, mume wake ni mfalme wa jirani, na jirani hatakaa nje akisubiri mke wake akue.

Mama wa binti, Leonor Teles, alishika madaraka kwa niaba yake. Watu wa Lisbon hawakumpenda, na mtu wake wa karibu, Bwana Andeiro kutoka Galicia, hawakumpenda kabisa. Desemba mwaka huo huo João, Mkuu wa Shirika la Avis, yaani shirika la kidini la wapiganaji, aliyekuwa ndugu wa kambo wa marehemu mfalme kwa mama asiyeolewa, aliingia ikulu na kumuua bwana huyo. Mji ukalipuka. Mwaka uliofuata Juan alikuja kuuzingira Lisbon kwa miezi kadhaa, hadi tauni ilipoingia kambini mwake na kumfukuza. Aprili 1385 baraza lililokutana Coimbra likamtangaza João kuwa mfalme. Kiangazi kilipofika Juan akarudi, safari hii na jeshi la kumaliza kazi.

Wareno wana msemo kwamba kutoka Hispania hauji upepo mwema wala ndoa njema. Upepo sijui waliukosea nini, lakini ndoa ukiipeleka 1383 unaielewa.

Kuna jambo ambalo hadithi ya tanuri inalificha vizuri sana. Hii haikuwa vita safi ya Ureno dhidi ya wageni. Wakubwa wengi wa Ureno walikuwa upande wa Beatriz, kwa sababu kwa sheria waliyoijua yeye ndiye aliyekuwa mrithi, na João alikuwa mwana wa nje ya ndoa aliyeua mtu ikulu. Jemadari wa João, Nuno Álvares Pereira, kijana wa miaka 25, alikuwa na kaka yake Pedro kwenye mistari ya adui, na Pedro alikufa siku ile. Upande wa João nao ulikuwa na wapiga mishale kutoka Uingereza. Upande wa Juan ulikuwa na wapanda farasi kutoka Ufaransa. Ndani ya tanuri la Brites de Almeida hakuna vurugu hizo. Mle ndani kuna wao tu, na nje kuna sisi.

Mapambano yenyewe yalikuwa tarehe 14 Agosti 1385, mkesha wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 7,000 kwa João na kama 30,000 kwa Juan. Waandishi wa zamani walipenda kumwongezea adui, kwa hiyo zichukue namba hizo kwa vidole viwili. Wareno walichagua mgongo wa kilima mahali panapoitwa São Jorge, wakachimba mitaro na mashimo ya kuvunjia farasi miguu. Mashimo hayo si hekaya: wachimbaji wa mambo ya kale waliyafukua mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakastilia walizunguka kilima, wakashambulia kutoka kusini kwenye majira ya saa kumi na mbili jioni, wakaminywa katikati, na kabla giza halijakamilika bendera ya mfalme wao ilikuwa imeanguka. Mapigano makali hayakuzidi saa moja hivi. Juan alipanda farasi akakimbia usiku kucha hadi Santarém, akateremka mto kwenda kwenye meli zake zilizokuwa mbele ya Lisbon, akarudi kwao.

Askari wake hawakuwa na meli. Walikuwa maelfu, gizani, hawajui njia, hawana kamanda, wamezungukwa na vijiji ambavyo jeshi lao lilikuwa limevipita. Kijiji cha Aljubarrota kiko karibu kilomita kumi kusini-magharibi ya uwanja wa vita. Jina la vita ni la kijiji hicho, lakini vita havikupiganwa pale. Kilichopita pale ni wakimbizi.

Mlango wa tanuri

Ili uielewe hadithi, sahau kwanza jiko la gesi. Tanuri la mikate la kijijini Ureno ni kuba la mawe au matofali lenye mlango mmoja mdogo mbele. Kuni huwashwa humo humo ndani. Kuba likishapata moto wa kutosha makaa hukokotwa nje, sakafu hupanguswa kwa tambara bichi lililofungwa kwenye mti, ndipo mikate huingizwa na kuwekwa juu ya mawe yenyewe. Mkono haufiki huko ndani, na ukifika utaungua. Kinachofika ni beleshi la mbao: ubao bapa kama kafi la mtumbwi, mpini wake mrefu kiasi cha kumfikisha mwokaji mwisho wa kuba huku yeye amesimama mbali na joto. Beleshi huingia na mkate, hutikiswa kidogo, hutoka tupu. Mwoka mikate mzoefu hufanya hivyo mara mamia kwa juma bila kutazama.

Hadithi inasema Brites alirudi nyumbani usiku ule na kukuta mlango umefungwa. Akaingia kwa tahadhari, akatafuta, akafunua tanuri. Humo ndani, tanuri likiwa limeshapoa, wamejibanza Wakastilia saba. Akawaamuru watoke wajisalimishe. Hawakutoka, walijifanya wamelala. Hapo akashika beleshi na kuanza kuwapiga, na walipotoka, walitoka mmoja mmoja, na mmoja mmoja aliwaangusha.

Angalia kazi inayofanywa na ule mlango mdogo. Mwanamke mmoja dhidi ya askari saba uwanjani ni uongo ambao hata mtoto atauguna. Mwanamke mmoja mbele ya mlango ambao mtu hawezi kuupita ila akiinama, kichwa mbele, mikono imebanwa, hilo linawezekana kabisa. Aliyeibuni hadithi hii, awe nani, alilijua tanuri. Kwa namna fulani anawageuza wale saba kuwa mikate: wamepangwa ndani ya kuba, na beleshi lile lile la kila siku ndilo linalowatoa.

Angalia pia lile neno “walijifanya”. Kuua watu waliolala si jambo la kusimulia watoto. Kuua watu waliojifanya wamelala ni jambo jingine. Wamepewa nafasi, wamefanya ujanja, wamejitakia. Neno moja hilo limeingizwa na msimulizi kama wakili anavyoingiza kielelezo mahakamani. Matoleo makali zaidi hayajisumbui na uwakili: yanasema aliufunga mlango na kuwasha moto. Hayo huwa hayapendwi sana kwenye vitabu vya shule.

Maisha kabla ya tanuri

Ungedhani hadithi ingeishia hapo. Lakini watu hawakuridhika na mwanamke aliyejulikana kwa usiku mmoja, wakamtafutia maisha.

Inasimuliwa kwamba alizaliwa Faro, kusini kabisa, kwenye mkoa wa Algarve, kwa wazazi maskini wenye kilabu cha pombe. Alikuwa mrefu, mkubwa wa mwili, nywele za kusokotana, pua ya kipanga, na kila mkono wake ulikuwa na vidole sita. Wazazi walifurahi, wakisema mwenye vidole kumi na viwili atafanya kazi kuliko wenzake. Alipenda ugomvi kuliko uzi na sindano. Wazazi walipofariki aliuza vilivyobaki, akaanza kutangatanga, akajifunza upanga na fimbo. Askari mmoja akampenda, akaja kuposa. Brites akamwambia: nitakuwa mkeo ukinishinda kwa silaha. Hakumshinda. Alikufa.

Kwa kuogopa sheria akakimbilia baharini na mashua kuelekea Kastilia. Njiani maharamia kutoka Afrika ya Kaskazini wakaikamata mashua, wakamuuza utumwani kwa bwana mmoja tajiri. Akatoroka na watumwa wengine wawili Wareno, dhoruba ikawatupa ufukwe wa Ericeira, kaskazini ya Lisbon. Bado akiwa anatafutwa, akakata nywele, akavaa nguo za kiume, akafanya kazi ya kusafirisha mizigo kwa nyumbu. Mwisho wa safari akafika Aljubarrota, akashika kazi ya kuoka mikate, akaolewa na mkulima. Kisha ukaja usiku ule wa Agosti.

Hapa ndipo mishono inapoonekana vizuri. Mchumba anayelazimika kumshinda bibi harusi kwa nguvu ni mgeni wa kudumu katika hekaya za Ulaya. Alishakuwepo kwa Wagiriki na kwa Wajerumani kabla ya 1385. Msichana anayevaa nguo za kiume naye ana nyimbo zake za kale katika rasi nzima ya Iberia. Hivyo vilikuwa sokoni, vikisubiri mtu wa kuvivaa.

Maharamia ndio wanaonivutia zaidi, kwa sababu wanamtaja msimulizi wao bila kukusudia. Utekaji baharini ulikuwepo tangu zamani, lakini ile hofu ya kila siku ya mabaharia na wavuvi wa Ureno kutekwa na kuuzwa Algiers ni ya baada ya 1516, akina Barbarossa walipoifanya Algiers ngome ya maharamia, na ilidumu hadi karne ya 18. Anayesikiliza hadithi mwaka 1700 ana jirani aliyetekwa, au amechangia fedha kanisani za kukomboa mateka. Kwake huyo, maisha ya hatari bila maharamia hayajakamilika. Kiraka hiki kimekatwa kwenye kitambaa cha wakati wake, kikashonwa kwenye nguo ya 1385.

Kuhusu ubaya wa sura, nina neno. Wasimulizi wote wanaume wa karne hizo wanakubaliana kwamba alikuwa mbaya, na wanalirudia kwa bidii ya kutia shaka. Nadhani walikuwa wanajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza: mwanamke gani anaweza kufanya hivi? Si wetu wa nyumbani, msijali. Ni yule mwenye vidole kumi na viwili.

Kimya cha waliokuwepo

Turudi kwenye maandishi. Vita vya Aljubarrota si vita visivyo na mashahidi. Pero López de Ayala, mwandishi mkubwa wa historia ya Kastilia, alikamatwa mateka katika vita hivyo hivyo na kufungwa Ureno; ana kila sababu ya kukumbuka. Jean Froissart aliandika kwa Kifaransa kutokana na maneno ya watu waliokuwepo. Hawamtaji mwoka mikate. Hao, hata hivyo, wangeweza kusamehewa: waliwaandikia mabwana, na mwanamke wa kijijini hakuwa habari.

Anayenyamazisha ubishi ni Fernão Lopes. Huyu alikabidhiwa nyaraka za ufalme wa Ureno mwaka 1418 na baadaye akapewa kazi ya kuandika habari za wafalme, João akiwemo. Ni mwandishi wa pekee kwa zama zake kwa sababu ana sikio la kusikia barabara. Anaandika makundi ya watu wa Lisbon wakikimbilia ikulu, anaandika njaa ya mji uliozingirwa, na anaandika hata kibwagizo kilichoimbwa na wasichana waliokuwa wakikusanya mawe ya ukuta huku adui akiwatazama. Mtu anayehifadhi wimbo wa wasichana wabeba mawe hawezi kumwacha mwanamke aliyeua saba kwa beleshi. Angempa sura nzima. Kama Lopes hakumwandika, ni kwa sababu hakumsikia.

Na Camões, miaka karibu mia mbili baada ya vita, bado hamjui, au anamjua na anaona hafai utenzi.

Lakini Lopes hajanyamaza kuhusu jambo moja: wanavijiji waliwavamia askari waliokuwa wakikimbia na kuwaua. Kijiji cha Aljubarrota kilikuwa kwenye ardhi ya watawa wa Alcobaça, na abati wao alikuwa upande wa João. Katika Ukumbi wa Wafalme wa monasteri hiyo bado lipo sufuria kubwa la shaba ambalo, kwa mapokeo, lilitekwa kwenye kambi ya Wakastilia. Basi weka mambo hayo pamoja: usiku, wakimbizi, vijiji vyenye hasira, watu wasio na panga wanaoshika kilicho karibu, jembe, uma wa nyasi, rungu. Kwamba mahali fulani usiku ule mwanamke alimpiga mtu aliyejificha kwa chombo cha jikoni, mimi ningeshangaa kama halikutokea. Halikuwa na jina, wala halikuwa namba saba.

Miaka ambayo Kastilia ilirudi

Jina na namba vilipata kazi baadaye. Mwaka 1578 Mfalme Sebastião wa Ureno alijipeleka vitani Moroko na hakurudi. Miaka miwili baadaye Filipe wa Pili wa Hispania aliitwaa Ureno. Kile ambacho Juan alishindwa kukipata 1385, Filipe alikipata 1580, na Wareno wakatawaliwa kutoka Madrid kwa miaka 60.

Msomaji wa pwani yetu anayo alama ya miaka hiyo mlangoni pake. Ujenzi wa Fort Jesus ya Mombasa ulianza 1593, na mfalme ambaye ngome ilijengwa kwa jina lake ni huyo huyo Filipe. Wareno waliokuwa wakipandisha kuta zile juu ya bandari ya Waswahili walikuwa wenyewe wana mfalme ambaye wengi wao nyumbani walimwona mgeni. Tumezoea kusema “Wareno walijenga”, na ni kweli, ila mwenye nyumba alikuwa Mhispania.

Kule Aljubarrota inasimuliwa kwamba katika miaka hiyo beleshi la Brites lilifichwa ndani ya ukuta lisije likachukuliwa na watawala, na likatolewa baada ya Desemba 1640, Ureno ilipojitwalia tena mfalme wake. Ikiwa kweli kulikuwa na beleshi ndani ya ukuta au la, hadithi inakuonyesha ni lini watu walianza kulihitaji. Beleshi la mkate halitafutwi na serikali isipokuwa limekuwa bendera. Baada ya 1640 vita na Hispania viliendelea hadi 1668, na katika mazingira hayo mwoka mikate aliyekuwa maneno ya kijiji anaanza kutajwa na watu wenye kalamu. Karne ya 18 ikamwingiza kwenye vijitabu vya bei nafuu vilivyouzwa barabarani, na humo ndimo alimopata wazazi, vidole, mchumba, maharamia na nyumbu.

Karne ya 20 ikamfanyia kinyume: ikampunguza. Udikteta wa Salazar ulipenda mashujaa, ukapenda pia mwanamke akae jikoni, na Brites ni shujaa ambaye hata akiua hatoki jikoni. Kilichowatatiza ni yale mengine: muuaji wa mchumba, mtoro wa sheria, mwanamke aliyevaa suruali barabarani. Toleo la watoto lilibaki na tanuri, beleshi na namba saba, na hilo ndilo lililoenea.

Hayuko peke yake, kwa njia. Kaskazini, ukingoni mwa mto Minho, mji wa Monção una Deu-la-Deu Martins. Wakastilia wameuzingira mji, karne hiyo hiyo ya 14, chakula kimekwisha. Anakusanya unga wa mwisho, anaoka mikate michache, anapanda ukutani na kuwarushia maadui, akiwapigia kelele kwamba tunayo mingi, mkitaka mseme. Wakakata tamaa, wakaondoka. Nembo ya mji hadi leo ni mwanamke juu ya mnara na mikate mikononi. Kisa cha namna hiyo kinasimuliwa pia Carcassonne, Ufaransa, huko wakirusha nguruwe aliyelishwa ngano. Mimi nampenda Deu-la-Deu kuliko Brites, nakiri. Lakini ukitaka mikono ya watoto ipae juu darasani, mwite yule wa beleshi.

Jina

Nimeliacha jina mwisho kwa makusudi. Brites si jina geni la kijijini; ni namna ya zamani ya Kireno ya kutamka Beatriz. Yule binti wa miaka kumi aliyeozwa Kastilia na yule mwoka mikate wana jina moja. Brites mmoja analeta Wakastilia nchini kwa ndoa, Brites mwingine anawamaliza kwa beleshi. Lilikuwa jina la kawaida, na sidai kwamba kuna aliyekaa chini akapanga hivyo. Ila msimulizi aliyetaka kuufuta mkosi wa jina lile asingechagua vizuri zaidi.

Huyo Brites mwingine ana nyaraka tele: mkataba wa ndoa, barua, mihuri. Mume wake Juan alianguka kutoka kwenye farasi na kufa Oktoba 1390, yeye akiwa na miaka 17, hana mtoto. Hakuolewa tena, wala hakuiona tena Ureno. Aliishi Kastilia kama malkia mjane wa nchi mbili ambazo hakuna hata moja iliyokuwa na kazi naye. Kijiji cha Aljubarrota kimemwekea sanamu mwanamke wa tanuri. Kaburi la Beatriz, la jiwe la alabasta, liko kwenye monasteri moja mjini Toro, upande wa Hispania wa mpaka.